Uduvi Waliokula Ziwa Letu

Asubuhi hiyo mume wangu, Eilif, alirudi kutoka ziwani na samaki wanne. Niliwapasua. Vichwa vikubwa, miili myembamba, matumbo matupu.

"Hawa hata paka atanuna!" nilimwambia. "Krismasi tutavundika nini kwenye pipa la chumvi?"

"Huku tulichelewa kuwalisha," alisema. "Ziwa la juu mlimani nitaliwahi."

Bwawa la umeme lilipojengwa, samaki walipungua. Basi kijiji kizima tukamwaga uduvi ziwani, wawe chakula cha samaki. Uduvi wakazaana ajabu, samaki wakazidi kukonda. Sasa Eilif alikuwa na ndoo ya uduvi mlangoni. Alitaka kuipeleka ziwa la juu, kwenye samaki wanono waliobaki.

Jirani yetu Gunnvor, anayefanya kazi kituo cha kuchunguza samaki, aliingia kunywa kahawa. Akaiona ndoo.

"Eilif, unakwenda kuua ziwa?"

"Nakwenda kulisha samaki, bibi wewe!"

Gunnvor alitoka, akarudi na chupa ya maji. Ndani vidudu vidogo vilirukaruka.

"Hawa ni viroboto wa maji. Ndicho chakula cha samaki wetu."

Akatia uduvi wachache, akafunika chupa kwa sweta langu.

"Uduvi huwinda gizani. Tusubiri."

Tulikunywa kahawa, tukamenya viazi, tukala. Gunnvor alipofunua, viroboto walikuwa wamekwisha karibu wote.

"Lakini samaki si wanakula uduvi?" Eilif aliuliza.

"Wanawaona wapi? Mchana uduvi wako chini kabisa, kwenye giza. Samaki wetu huwinda kwa macho, kwenye mwanga. Usiku uduvi hupanda, wanamaliza viroboto. Kukicha wameshazama."

"Basi tuwatoe!"

"Hawatoki, Eilif. Hakuna anayejua namna ya kuwatoa."

Eilif alijifunika uso. Mimi nililia, wala sioni haya kusema.

Ndoo tuliimwaga kwenye shamba la viazi, mbali na maji. Tukaiosha kwa maji ya moto, na nyavu pia, tukazianika mpaka zikakauka kabisa. Dukani wanaume walimcheka.

"Eilif anaogopa uduvi!"

"Naogopa, ndiyo. Na wewe uogope."

Aliwaeleza habari ya chupa mpaka wakaacha kucheka. Tangu hapo hakuna anayepeleka ndoo wala wavu uliolowa ziwa la juu. Samaki wa huko bado wanono.

Wa kwetu hawakunona tena. Eilif bado anatoka na mashua kila asubuhi. Nimechoka kumwambia aache.