Dawa Hai ya Vifaranga

Ndani ya banda, mwanga wa asubuhi ulipenya kwenye nyufa, na vumbi la maranda likaelea polepole. Mama kijana alisimama na mwanawe mgongoni. Vifaranga hawa walikuwa kundi lake la kwanza. Leo tena walikuwa wamekufa watatu. Wengine walijikunyata chini ya taa ya joto, kinyesi cheupe kimewagandia mkiani.

Dada wa mumewe, mtaalamu wa mifugo, alikuwa amepima kinyesi hicho. Alikuta bakteria wa salmonela, akaleta chupa ya dawa. Siku tano sasa, wala hawaponi.

"Wifi, dawa yako maji matupu," mama alimwambia alipokuja.

"Na ulimi wako sijui nao niutafutie dawa gani." Wifi alichuchumaa, akanusa chombo cha kunywea. "Humu umetia nini?"

"Klorini kidogo. Mimi simnyweshi mtu maji machafu, hata awe kuku."

"Basi umewaua askari kabla hawajafika vitani."

"Askari gani tena?"

"Chupani mna virusi."

"Virusi! Mgonjwa unamwongezea ugonjwa?"

"Dawa ya moto ni moto. Hawa hawamdhuru kuku wala mtu. Wanawinda bakteria tu. Kirusi kimoja kinajipenyeza ndani ya bakteria, kinazaliana humo, bakteria anapasuka. Wanaotoka wanawinda wengine. Ila klorini inawaua, na maji ya moto pia."

Walisuuza vyombo mpaka harufu ikaisha. Wakatia maji safi ya baridi, kisha dawa. Wakabadilisha maranda, wakawatenga wagonjwa.

"Kwa hiyo usafi niuache?"

"Thubutu. Ukitoka bandani, nawa kwa sabuni. Nyama na mayai vipike viive kabisa."

Vifaranga waliinamisha vichwa, wakainua, wakameza. Mama aliwatazama kama aliye ndotoni. Aliwaza vita vinavyopiganwa ndani ya vitumbo vile vidogo, vita visivyo na kelele, vyepesi kama umande unaokauka.

Kesho yake alikufa mmoja. Baada ya hapo, hakufa mwingine.

Wiki mbili zikapita, manyoya ya mabawa yakaota. Siku moja kifaranga aliruka, akatua begani kwa mama, karibu na shavu la mtoto.

"Huyo anakuita mama," wifi alisema.

"Basi niitikie. Ninao arobaini na mmoja, pamoja na huyu wa mgongoni."