Abiria wa Korongoni

Mkunga alikuwa anafunga mkoba wake kwenye tangi la pikipiki nje ya zahanati, mchana kweupe, pikipiki ilipodidimia nyuma. Ilididimia taratibu, springi zikalia kama zinavyolia abiria mnene akipanda. Akageuka. Siti ilikuwa tupu.

"Na wewe umezeeka," akaiambia, akapanda, akaondoka.

Ilikuwa pikipiki kubwa, nzito, iliyotengenezwa kukimbia kwenye lami. Marehemu mumewe aliinunua enzi akipeleka vifurushi mjini, na walipohamia huku lami inakokoma watu walimcheka: hilo fahali utalipitisha wapi? Jina likabaki, Fahali. Lakini mwenyewe alimjua. Alipunguza upepo kwenye matairi, akasimama juu ya vikanyagio, akamwacha Fahali acheze chini yake, na vijiji vyote vya bondeni alivifikia. Hata mkewe alimfundisha. "Legeza mikono, bibie. Tazama unakotaka kwenda, usitazame shimo. Na kwenye kokoto, breki ya mbele isahau kabisa."

Kisha mchana mmoja wa kiangazi akatumbukia korongoni, kwenye kona ya mteremko, peke yake. Walimpata jua linazama, ameshapoa. Hakuna aliyemsikia akiita. Fahali alikuwa amekwaruzika tu. Majirani wakamshauri mjane amuuze. Akajibu kwamba wajawazito wa bondeni wanahitaji mkunga na mkunga anahitaji usafiri. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote.

Siku ile springi zilipolia, alifika kwenye mchanga mzito, gurudumu la mbele likaanza kuyumba, naye akakaza mikono kwa hofu.

"Legeza, bibie."

Sauti ilikuwa nyuma ya sikio lake, ndani kabisa ya kofia ngumu. Akalegeza kabla hajafikiri, na Fahali akanyooka. Kukaja harufu ya sabuni ya kunyolea na grisi, harufu ya mumewe, na chini yake harufu nyingine, ya tope la kisima, wakati nchi nzima ilikuwa imekauka. Alipaswa kuogopa. Badala yake alilia mpaka kioo cha kofia kikaingia ukungu.

Tangu hapo akawa mtu wa safari. Alikwenda bondeni hata asipoitwa. Wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa anakaa naye, alimsikia akicheka uani na pikipiki. Alimwona akikonda, macho yakiingia ndani, na harufu ya tope ikaanza kukaa kwenye mashuka. Siku moja akajipandia nyuma bila kuuliza.

"Shuka, wifi," mkunga akamwambia kwa sauti ya chini. "Hapo pana mtu."

"Ndiyo maana nataka nipande. Twende."

Hawakufika mbali. Walipoacha lami, wifi akahisi siti inakuwa baridi chini yake, baridi inayotoboa nguo, halafu siti ikaacha kuwa bapa, ikawa na mifupa, ikawa magoti, na akaelewa, huku vumbi likipita na jua likiwaka kama kawaida, kwamba amekalia mapaja ya mtu, na kwamba mtu huyo anamkumbatia mkunga kwa mikono inayopita katikati ya mbavu zake yeye mwenyewe.

"Simamisha," akanong'ona. "Nakuomba. Simamisha."

Akarudi kwa miguu.

Jioni ile wifi akamvuta mkunga mkono, wakaenda kwa mganga, aliyekuwa pia mshona viatu, na aliwasikiliza huku akitoboa soli.

"Marehemu hapandi pikipiki, dada," akasema. "Huyo ni jini wa korongo. Alikuwapo mumeo alipokuwa anakata roho, akakaa karibu, akamsikiliza mpaka mwisho. Sauti ameipata pale."

"Ananisaidia," mkunga akasema.

"Anakuzoesha. Mimi siwezi kumshusha, sikumkaribisha mimi. Nenda naye pale pale korongoni, mwambie ashuke. Usimwite kwa jina la mumeo, wala usimwulize kitu. Ukimwuliza kitu, akikujibu, umempa makazi."

Mkunga akainuka bila kuaga. Njiani akamwambia wifi yake, "Wewe ulimzika kaka yako mara moja. Unataka mimi nimzike mara mbili?"

Wiki haikupita, mke wa mchoma mkaa akashikwa na uchungu, mimba yake ya kwanza. Mkunga akatoka mbio. Kwenye mteremko wa korongo, kokoto zikiteleza chini ya matairi, Fahali akishuka kwa uzito wake wote, sauti ikasema kwa upole uleule, "Minya breki ya mbele, bibie."

Na mkono wake, uliokuwa umezoea kutii, ukaminya.

Gurudumu likafunga, Fahali akalala, mguu wa mkunga ukabanwa chini yake, bomba la moshi likimuunguza, na hapo chini kwenye vumbi, akivuta na kusukuma chuma kisichosogea, alisikia kitu kikijilaza kando yake na kupumua pumzi ya kisima shingoni mwake. "Tulia," kikamwambia. "Hapa ndipo pazuri."

Wachunga mbuzi ndio waliomtoa. Alipofika kwa mchoma mkaa akichechemea, nyumba ilikuwa kimya. Mama alikuwa hai, uso ameuelekeza ukutani. Mtoto alikuwa amefunikwa kitenge, hakuwahi kulia. Kitovu kilimzunguka shingoni, kitanzi ambacho mkunga alikuwa amekifungua kwa vidole vyake kwa watoto wengi asiokumbuka idadi yao.

"Tulikungoja," mchoma mkaa akasema tu.

Mguu ulipoanza kukubali uzito, akarudi korongoni mchana, akazima injini kwenye kona. Nyuma palikuwa pazito, pamejaa.

"Shuka," akasema.

"Bibie, huku kuna baridi."

"Shuka."

Kitu hicho kikalia kilio cha mumewe, kile cha siku alipomzika mama yake, kikaita majina yote ya chumbani ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyajua, na mkunga akang'ang'ania usukani, machozi yakimdondokea kwenye tangi, asigeuke. Kisha kikaacha kulia, kikasema taratibu, kama mtu anayetoa zawadi.

"Alizungumza sana kabla hajakata roho. Alikuachia maneno. Hutaki kujua alisema nini?"

Hakuna kitu duniani alichokitaka zaidi. Alifungua mdomo. Upepo ukasimama, korongo zima likangoja.

"Shuka," akasema.

Siti ikawa nyepesi. Harufu ya tope ikaondoka, na ile ya sabuni ikaondoka nayo.

Wifi alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Ameshuka?"

"Ameshuka. Alitaka kuniambia maneno ya mwisho ya kaka yako."

"Akasemaje?" wifi akauliza haraka.

"Sikumwuliza."

Wifi akakaa chini pale pale kizingitini, akajifunika uso kwa khanga, na mkunga akajibana kando yake, wakalia wote wawili mpaka nyumba ikaingia giza.