Aliyekaa Kiti cha Mbele

Kununua gari kunaumiza kichwa, hasa kama ni gari lako la kwanza na wewe ni mtu wa mashine ya kukoboa mpunga. Wiki nzima Ignas alikuwa hali wala halali. Magari yalikuwa mawili, yote madogo, yote ya petroli, yote ya kwenda kazini na kurudi. Kulikuwa na Platz nyeupe ya mwalimu Hosiana, na kulikuwa na Belta ya rangi ya fedha ya Marwa, yule mchimbaji wa dhahabu aliyejenga nyumba ya vioo nje kidogo ya Kagongwa.

Fundi Maulidi alishayakagua yote mawili. Platz, alisema, imechoka bushi na inagonga kila tuta, ila injini ni nzima. Belta ilikuwa kama imeshuka melini jana.

"Ila hiyo Belta..." Maulidi akasita, akajifuta mikono kwenye ovaroli. "Aa, haina kitu. Chukua unayoipenda."

Ignas hakutaka gari la kuringia. Mwaka uliopita mkewe, Limi, alishikwa na uchungu kabla ya wakati, wakampakia kwenye bodaboda kumkimbiza hospitali Kahama. Mtoto hakufika. Tangu hapo Ignas akisikia pikipiki inapita nje, huinuka akafunga dirisha. Sasa Limi alikuwa na mimba nyingine, ya miezi minane, na Ignas alijiapiza kwamba huyu hatampoteza barabarani.

Basi jioni moja, jua likizama, alifunga mashine akaenda kwa Marwa kuijaribu Belta. Alikwenda na Limi, maana mwenye tumbo ndiye wa kusema kiti kinakalika au hakikaliki. Limi naye hakutoka bila mama yake, Nyamizi, aliyekuja kutoka Songwa kumwangalia mpaka ajifungue.

Sasa hapo kwenye kukaa ndipo palipokuwa na kazi. Kwao Wasukuma mkwe ni mkwe. Ignas hakai karibu na Nyamizi, hali naye sahani moja, hamtazami usoni. Nyamizi akiwa na neno na Ignas, hulipitisha kwa Limi. Leo akae mbele, bega kwa bega na mume wa mwanawe? Thubutu! Na Limi miguu ilikuwa imevimba, alitaka kujinyoosha nyuma amwegemee mama yake.

Marwa alisimama getini, mbali na gari lake mwenyewe. Alikataa kwenda nao.

"Mbele anakaa nani?" aliuliza.

"Hakuna. Yule ni mama mkwe, kaka."

Marwa akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Sawa. Pabaki hivyo hivyo."

Akampa ufunguo, akaingia ndani na kujifungia.

Jamani, gari lako unampa mtu usiyemjua, halafu unajifungia ndani! Mwenye akili zake angejiuliza. Lakini Ignas alishaingiwa na tamaa. Usukani ulikuwa laini, kiyoyozi kinapuliza, na injini haisikiki kabisa. Nyuma Limi alicheka, akasema hili hata mtoto atalala humu humu.

Wakaingia lami, wakashika njia ya Kahama. Malori ya Rwanda yalipishana nao, taa zimeshawashwa.

Kisha...

Ti. Ti. Ti.

Kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu, ile ya abiria asiyefunga mkanda. Ignas akapapasa wa kwake. Umefungwa. Taa ilikuwa ya kushoto.

Kiti kitupu.

"Nini hicho?" Limi akauliza.

"Sensa tu. Imekorofisha."

Ti. Ti. Ti. Ti...

Harufu ikaingia. Haikuwa ya petroli. Ilikuwa ya udongo mbichi, udongo wa chini kabisa ambako jua halijafika, uliochanganyika na baruti. Harufu ya duara, shimo la wachimbaji. Ignas akazima kiyoyozi. Harufu ikazidi.

Akafanya kile ambacho dereva yeyote hufanya kengele ikimkera. Akauvuta mkanda wa kile kiti kitupu, akauchomeka.

Ka.

Kimya.

Mkanda wa kiti kisicho na mtu hulala bapa kwenye sponji. Huu ulikaa umetuna. Ukapanda taratibu... ukashuka. Ukapanda... ukashuka.

Ignas akarudisha macho barabarani. Akajiambia ni taa za malori zinamchezea.

"Nyuma kuna wangapi?"

Ilikuwa sauti ya chini, kavu, ya mtu mzima. Ignas alidhani ni mkwe wake. Alishangaa kuulizwa moja kwa moja, ndiyo. Lakini ungekuwa wewe ungefanyaje? Mkwe akisema, hugeuki kumtazama mdomo uhakikishe kama ni yeye. Unainamisha kichwa na kujibu kwa adabu.

"Mko watatu, mayu," akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Pamoja na huyu wa tumboni."

"Ignas," Limi akanong'ona. "Unaongea na nani? Mama hajasema kitu."

Mkanda ukaacha kupanda.

"Mdogo atanitosha."

Limi akapiga ukelele uliomfanya Ignas nusura aingie chini ya lori. "Unanibana! Nifungueni mkanda! Mama, nifungueni!"

Ignas akatazama kwenye kioo. Limi hakuwa amefunga mkanda wowote. Lakini gauni lake lilikuwa limebonyea, mstari mpana kutoka begani mpaka nyonga, umekatiza tumbo. Ukazidi kuzama. Maji yakamwagika kitini. Chupa ilikuwa imepasuka.

Akasimamisha gari pembeni, akabonyeza kifungulio cha mkanda wa kiti kitupu. Kilikuwa baridi sana, na hakikubonyea. Akauvuta kwa mikono miwili, akaung'ata hata kwa meno, huku akilia bila haya.

"Mwachie! Nimekosa mimi. Mwachie mwanangu!"

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Nyamizi akashuka.

Nyamizi alikuwa mtu wa zamani, alishaisikia habari ya ndagu, ule utajiri wa masharti. Mtu hupewa mali, naye hutoa mtu. Akichoka kutoa, huuza mali pamoja na masharti yake. Akazunguka, akafungua mlango wa mbele.

"Mayu, hapana..."

"Nyamaza."

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia Ignas tangu harusi. Kisha akapiga goti kwenye changarawe, akakisalimu kile kiti kama unavyomsalimu mgeni wa jioni.

"Mwadila," akasema polepole. "Huyu kijana amekosea. Wa tumboni hahesabiwi. Hana jina, utamwitaje aje? Mimi ninalo. Naitwa Nyamizi. Nipishe nikae."

Upepo ukatulia. Lori likapita, likaitikisa Belta.

Ka.

Mkanda ukafunguka wenyewe.

Nyamizi akaingia. Bega lake likagusana na bega la mkwewe, na Ignas akasikia aibu hata katikati ya hofu ile. Mkanda ukajivuta, ukamzunguka mama wa watu, ukajifunga. Nyuma, Limi akavuta pumzi ndefu.

"Endesha," Nyamizi akanong'ona. Meno yalikuwa yakigongana. "Usinitazame, baba. Endesha tu."

Mtoto alizaliwa hospitali Kahama, wa kike, mzima, anapiga kelele. Ignas alitoka mbio hadi kwenye maegesho kumpa mkwe wake habari. Alimkuta palepale, mkanda umefungwa, macho yako wazi, hayapepesi. Akamwita mara nyingi bila jibu. Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka pale Nyamizi alipogeuza kichwa, taratibu, akatabasamu.

"Mtoto amelia?" akauliza. "Nileteeni nimbebe."

Belta waliirudisha. Geti la Marwa lilikuwa wazi, nyumba tupu, hata mapazia hayapo. Fundi Maulidi ndipo akafunua mdomo. Wengine, alisema, wanadai Marwa aliingia duarani na mwenzake, akatoka peke yake, na wiki ile ile dhahabu ikaonekana. Wengine wanasema hakukuwa na mwenzake yeyote. Hakuna mwenye hakika. Ignas akanunua Platz ya Hosiana, na hajawahi kulalamikia bushi zake.

Lakini Nyamizi hakurudi Songwa. Mtoto hamshushi mikononi kutwa nzima. Na anamtazama Ignas usoni. Anamwita kwa jina lake, anamkatia ugali kwa mkono wake na kumwekea kwenye sahani, anamkaribia mpaka magoti yanagusana. Majirani wanacheka, wanasema mama mkwe wa siku hizi hana makuu.

Jioni moja Ignas akamfuata Limi jikoni.

"Limi," akanong'ona. "Yule si mama."

Limi aliendelea kusonga ugali.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu wodini."

"Basi twende kwa mchungaji. Twende kwa mganga, kwa yeyote..."

"Mtoto yuko mikononi mwa nani sasa hivi?"

Ignas akageukia mlango wa barazani.

"Anadhani hatujajua," Limi akasema, machozi yakimdondokea. "Akijua tumejua, atanyanyuka na alichokuja kuchukua. Mama yangu hakukaa pale ili mimi nije niharibu. Nenda ukale, Ignas. Nenda ukale naye, na ucheke."

Barazani Nyamizi alikuwa amejisogeza kwenye mkeka, ameacha nafasi. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake, ngumi ndogo zimekunjwa.

"Njoo, Ignas. Kaa hapa."

Ignas akanawa mikono. Akaketi karibu na mkwe wake, akamtazama machoni, akatabasamu.

"Ahsante, mayu," akasema.