Marehemu Aliyetutumia Salamu za Ijumaa

Ting!

"Jumaa Mubarak. Msinisahau kwa dua."

Jamani... aliyetuma ni kaka yangu Hood. Na Hood tumemzika mwezi uliopita!

Ijumaa ya tatu hiyo, palepale kwenye grupu la familia.

Ami Amur, ndugu yake baba, akaja mbio nyumbani kwetu Ibra. Akasimama nje ya pazia, kwa vile Wiam, mjane wa Hood, yuko eda.

"Simu ya marehemu anayo yeye! Anatuchezea! Salamu ikija tena, arudi kwao Sur!"

"Wallahi si mie, Fawziya," Wiam akanililia.

Kumtoa mjane ndani ya eda yake! Nilisikia aibu mwili mzima.

Mie kazi yangu kompyuta, mjini Nizwa. Nikakumbuka mashine ya Hood, kompyuta ya chumbani kwake, haijazimwa tangu afariki. Akaunti yake iko wazi, WhatsApp iko wazi. Nikasema, khalas, basi, kuna programu aliiacha, inatuma yenyewe.

Alhamisi nikakaa na laptop yangu sebuleni, nikaandika amri ya kumtoa kwa nguvu kwenye ile mashine, isifunguke tena bila neno la siri. Nikabonyeza. Laptop ikajibu:

"Hood ametoka."

We acha tu... nililia kama namzika tena.

Ijumaa simu ya marehemu nikampa Ami aishike mwenyewe. Mama akasema anakwenda kusali. Mie na Wiam tukakaa ndani ya pazia, tunasubiri.

Ting!

"Jumaa Mubarak..."

"Bismillah!" Ami akapiga ukelele.

Wiam yuko mbele yangu, mikono mitupu!

Nikatazama laptop. Imeandika:

"Hood ameingia." Sasa hivi!

Maiti anaandikaje neno la siri, jamani?!

Nikakimbia, nikausukuma mlango wa chumba cha Hood...

Mama!

Bi Kuruthum mwenyewe, miwani puani, anabonyeza kwa kidole kimoja.

"Mama, ni wewe?!"

"Hood alinifundisha mwenyewe kuingia. Nikiandika, nyote mnamwombea. Nisipoandika, hakuna anayemtaja."

"Na Wiam je? Umemsikia Ami anamfukuza, ukanyamaza!"

"Niliogopa mtaizima mashine."

Wiam alikuwa nyuma yangu, kasikia yote. Nikajua leo patachimbika.

Akakaa chini, akamshika mkwewe miguu.

"Ungeniambia, mama. Mie kila Ijumaa nilikuwa naisubiri."

Wapendwa, marehemu wenu mtajeni kwa sauti, mbele ya watu. Mkimnyamazia, kuna mtu atamsemea kwa siri, na lawama atabebeshwa asiyehusika.

Ami Amur hajamwomba radhi Wiam mpaka leo.