Mwalimu wa Jumamosi Moja

Kila Jumamosi asubuhi Mpira alifagia ukumbi, akafungua madirisha, kisha akatandika mikeka kumi na miwili. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu mwili wake ulikunjika apendavyo. Shangazi yake alifundisha yoga humo, yaani mazoezi ya kunyoosha viungo na kupumua kwa utulivu. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima. Mkeka wa nyuma kabisa ulikuwa wa Mama Mpishi, aliyepika shuleni kwa akina Mpira, na ambaye miaka ishirini ya kuinamia masufuria ilikuwa imemkaza mgongo.

Jumamosi moja mwenye ukumbi alimwita shangazi nje.

"Waongoze kupumua mpaka nirudi," shangazi alimwambia Mpira. "Kupumua tu, umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Lakini kutiiwa na watu wazima ni kutamu. Mpira aliwaambia wainue mikono, wakainua. Aliwaambia wainame, wakainama. Kichwa kikamvimba.

"Mama Mpishi, mbona hufiki chini? Nitazame mimi!"

"Wewe ni mpira, mwanangu. Mimi ni kuni," alijibu Mama Mpishi, na watu wakaangua kicheko.

Mpira alimwendea, akamwekea viganja mgongoni, akasukuma.

"Polepole, mwalimu," alisema Mama Mpishi huku akicheka.

Mpira akaongeza nguvu. Mara Mama Mpishi aliguta, akashika kiuno, asiweze kuinuka.

Shangazi aliporudi alimkuta bado ameinama. "Kumetokea nini?"

"Ni uzee tu, mwalimu," alisema Mama Mpishi.

Mpira angeweza kujificha nyuma ya maneno hayo. Lakini alisogea mbele.

"Si uzee. Ni mimi niliyemsukuma. Lakini hakukataa, shangazi! Alikuwa anacheka."

"Alikuambia nini?"

"Polepole," Mpira alinong'ona.

"Binti yangu, anayesimama mbele huitikiwa 'ndiyo' hata na anayeumia. Nani hapa angemkatalia mtu wa nyumbani kwa mwalimu? Ndiyo maana mimi huuliza kabla ya kumgusa mtu, kisha hungoja jibu."

Juma lile lote, kila baada ya masomo, Mpira alimchotea Mama Mpishi maji na kumsugulia masufuria. Siku ya Ijumaa mama huyo alimpiga kofi jepesi begani. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho nitakuja."

Akaja kweli, na shangazi akamwekea kiti. Mpira alimkaribia taratibu.

"Mama, nikushike bega?"

"Hapana."

Uso ulimwaka Mpira kwa haya, lakini aliurudisha mkono wake. "Haya, mama."

"Hilo ndilo zoezi gumu kuliko yote ninayofundisha," alisema shangazi kutoka mbele. "Mwenye uwezo juu ya wenzake hupimwa siku anapoambiwa hapana."

Mama Mpishi alitabasamu. "Nilitaka kujua kama neno hilo linakufikia. Sasa njoo, mwalimu wangu. Nishike."