Chumvi kwenye Kisufuria cha Bibi

Kila siku nilipotoka shuleni, kabla hata sijavua viatu, nilipita kwanza kwa Bibi. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao karibu na dirisha, hatua tatu tu kutoka kwenye cherehani ya Mama. Nilimpaka mafuta kwenye magoti, naye akanisuka nywele, huku tukiusema mtaa mzima. Mama alishona huku akitusikiliza, na habari ikinoga alisimamisha cherehani ili asipitwe na neno.

"Mke mwenzangu," Bibi aliniita hivyo kwa utani, "leo umeniletea habari gani?"

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na niliamini kabisa kwamba Bibi ni wangu peke yangu.

Bibi alikuwa na ugonjwa wa presha. Muuguzi wa zahanati alimpa vidonge na kumwamuru mambo mawili: apunguze chumvi na atembee. Kwa upande wa chumvi, tulimtengea kisufuria chake kidogo, nami ndiye niliyempikia kila jioni Mama akiwa na kazi za wateja. Lakini kutembea alikataa katakata. Nilimbembeleza twende hata mpaka getini tu, akanijibu kwamba magoti yamegoma.

Ndipo muuguzi na mwalimu wetu wa darasa la sita walipoanzisha matembezi ya wazee. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja jioni, wazee walikutana kwenye ukumbi wa mtaa. Kila mmoja alipewa mwanafunzi wa kutembea naye mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Tulipangwa kwa kura, na mwalimu akaweka sharti moja: hakuna kupangwa na bibi au babu yako mwenyewe.

"Mtu na bibi yake watakaa ukutani wapige soga," alisema huku akinitazama mimi.

Nilimpata mzee mmoja aliyekuwa fundi saa. Alipenda kuhesabu hatua zake kwa sauti, na ukimsemesha akapoteza hesabu, mnarudi ukumbini kuanza upya. Bibi akaangukia kwa Chekacheka. Huyo alikuwa msichana wa darasa letu, na jina hilo tulimpa kwa sababu hucheka hata ukimwuliza saa ngapi.

Jumatatu ya kwanza, yale magoti yaliyogoma yalirudi kazini. Bibi alivaa raba za bluu ambazo sikujua hata kama anazo, akamshika Chekacheka mkono, wakaondoka. Mimi nilibaki nyuma na fundi saa wangu, "mia moja na tisa, mia moja na kumi," nikisikia vicheko vyao mbele. Bibi alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Roho iliniuma! Miezi mitatu nimembembeleza, hakutoka. Huyu kaja siku moja tu, kashikwa mkono.

Nyumbani mambo yakazidi. Nikimpaka mafuta magotini, ananiambia Chekacheka anajua mazoezi ya kunyoosha mgongo. Nikimpa maji, ananiambia Chekacheka kasema glasi nane kwa siku.

"Yule mtoto ana moyo mzuri," alisema jioni moja. "Sijui mama yake alimlea vipi."

"Mimi sikulelewa?" nikauliza.

"We nawe!" Bibi akacheka, kisha akasukuma sahani yake mbele. "Haya maharage leo natafuna kama karatasi. Tangu mninyime chumvi, chakula hakinipiti."

Nilienda jikoni nimenuna. Kesho yake, kisufuria cha Bibi kilipochemka, niliangalia mlangoni. Mama alikuwa ameinama kwenye cherehani. Nikachukua kopo la chumvi, nikanyunyiza kidogo tu kwa vidole viwili.

Bibi alikula akafuta sahani. "Leo umepika, mke mwenzangu! Leo umepika kweli!"

Siku nzima hakuwa amenisifu, na sasa alinisifu mara mbili kwa mkupuo. Kichwa kikanivimba. Siku iliyofuata vidole viwili vikawa nusu kijiko, na baada ya wiki kikawa kijiko kizima. Ijumaa moja nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Chekacheka, "Lakini kwa kupika, mjukuu wangu hana mwenzake." Nilijua ninachofanya ni kibaya. Nilijua, na nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nashinda.

Kila Ijumaa baada ya matembezi, muuguzi aliwapima wazee presha na kuandika kwenye kadi zao. Mwanzoni presha ya Bibi ilikuwa imeshuka vizuri, mpaka wazee wenzake wakampigia makofi. Kisha ikaanza kupanda. Ijumaa ya sita muuguzi alipima mara moja, akapima tena.

"Bibi, hii imepanda sana. Vidonge unameza?"

"Kila asubuhi."

"Chumvi je?"

Mama alikuwa amekuja kumchukua Bibi siku hiyo. "Haonji chumvi, dada. Naapa. Kisufuria chake kimetengwa kabisa, na binti yangu ndiye anayempikia."

Bibi alitazama raba zake. Mimi nilitazama dari.

"Basi huenda anatembezwa haraka mno," muuguzi alisema taratibu. "Apumzike kwanza. Jumatatu daktari atamwona, na ikiendelea hivi nadhani atamwongezea dawa."

Macho yote yakamgeukia Chekacheka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakucheka. "Mimi... sikumkimbiza," alisema. Wazee wawili wakanong'onezana, na mwalimu akamwambia kwamba kuanzia wiki ijayo atabaki ukumbini kupanga viti. Aliondoka akifuta machozi kwa mkono wa sweta.

Haya, nilichokitaka nikawa nimekipata. Bibi alirudi kwenye kiti chake, yuko nyumbani, wangu peke yangu. Lakini hakunisuka nywele. Alisema kichwa kinamgonga, na akisimama anaona kizunguzungu. Raba zake zilikaa chini ya kiti, naye akatazama nje, upande wa barabara ya ukumbini. Jumamosi nilimtilia chumvi tena, kwa kuogopa kwamba nikiacha ghafla watagundua. Nilitia haraka haraka mpaka nyingine ikamwagika mezani.

Jumapili jioni nilikuwa jikoni, kopo mkononi, niliposikia hodi. Nikachungulia. Chekacheka alisimama mlangoni, hajaingia wala hajaegemea, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuomba msamaha," alisema. "Nimefikiria sana. Labda kweli nilikutembeza haraka bila kujua. Usipewe dawa nyingi kwa sababu yangu. Nisamehe."

Yeye aliomba msamaha wa kosa ambalo hakulifanya, na mimi kosa langu nilikuwa nimelishika mkononi. Tena kesho daktari angemwongezea Bibi dawa kwa ugonjwa niliompikia mwenyewe. Nilipiga moyo konde, nikatoka na kopo langu.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Nilikuwa namtilia Bibi chumvi. Kila siku."

Cherehani ikanyamaza.

"Ulikuwa unafanya nini?" Mama aliuliza, akiinuka. "Mimi nimeapa mbele ya muuguzi! Mbele ya watu wote! Unataka kumwua mama yangu?"

"Nilitaka anisifu mimi," nikasema, na kilio kikanitoka. "Alikuwa anamsifu Chekacheka tu. Nilimwonea wivu."

Nilidhani Bibi atanifukuza. Badala yake alifunika uso kwa viganja vyake.

"Mwache mtoto," alimwambia Mama. "Napika tangu kabla hujazaliwa, nitakosa kuijua chumvi? Niliionja siku ile ile ya kwanza. Nikajitia hamnazo, kwa kuwa ilikuwa tamu." Akamgeukia Chekacheka. "Na wewe ulipobebeshwa lawama, nilikuwa pale pale na nikanyamaza. Mtu mzima mimi! Kosa lako lilikuwa wapi? Njoo hapa, nisamehe wewe."

Chekacheka akaja. Bibi akamshika mkono mmoja, na mkono wa pili akanishika mimi, kopo na vyote.

"Wewe ulidhani nikimpenda huyu, wewe unapungukiwa," aliniambia. "Hujapungukiwa hata punje. Yeye ananitoa nje nikatembee, wewe unanipikia na kunisikiliza, mama yako ananivisha. Ukiondoa mmoja, wazee kama mimi tunaanguka. Kama unanitaka peke yako, mke mwenzangu, basi nitake nikiwa hai."

Jumatatu tulikwenda zahanati sote wanne. Nilimweleza muuguzi kila kitu, na Bibi akaeleza sehemu yake. Muuguzi alitukaripia sawasawa, mimi na mzee mzima, mpaka nikamwonea Bibi huruma. Daktari alimpima, akaamua kutomwongezea dawa kwanza, ila chumvi ikome na Bibi apimwe kila baada ya siku mbili. Jioni hiyo mwalimu alimwita Chekacheka mbele ya wazee wote, akamwomba radhi, na nikatakiwa kusimama kueleza kwa nini. Nilieleza yote, hata ule wivu.

Tangu hapo nampikia Bibi kwa ndimu, vitunguu saumu na tangawizi, kama muuguzi alivyotufundisha. Baada ya wiki nne presha ilishuka, na raba za bluu zikarudi barabarani. Nikiwa nyuma na fundi saa wangu nikisikia vicheko vyao, wivu bado hunichoma kidogo, sitadanganya. Siku hizi naongeza mwendo mpaka tuwafikie, na fundi saa anapoteza hesabu na kulalamika njia nzima.

Siku ile kadi yake iliposomeka vizuri, Bibi alichukua kopo la chumvi jikoni akanikabidhi.

"Wewe ndiye mlinzi wake," alisema. "Nikikuomba, ninyime."

Hazikupita hata siku mbili. Alionja maharage, akatazama kama Mama anatuona, akaninong'oneza, "Mke mwenzangu, kidogo tu. Kwa vidole viwili."

"Hapana, Bibi."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Alininunia kidogo, kisha akakamulia ndimu kwenye sahani na kuanza kula.

"Ulipokuwa unanipa, ulitaka sifa," alisema. "Leo umeninyima, na sasa najua unanipenda. Kaa hapa nikusuke."