Gari la Kijani la Bibi Tuba

Kila Ijumaa asubuhi, kabla jua la Yazd, mji wa jangwani nchini Iran, halijaanza kuchoma, Parastu na bibi yake walilifuta gari vumbi. Lilikuwa Paykan ya zamani, ya kijani cha pistachio iliyomenywa, na lilikuwa limeegeshwa uani tangu babu alipofariki. Parastu alishika ndoo, Bibi Tuba akashika kitambaa. Bibi hakuwa akiona vizuri tena. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, kwa hiyo alifuta kwa kupapasa.

"Boneti inang'aa?" aliuliza.

"Inang'aa, Bibi."

"Usinidanganye kwa kuwa sioni."

"Sikudanganyi," alijibu Parastu, na Ijumaa hiyo kweli hakuwa akidanganya.

Gari lilikuwa linauzwa. Daktari alikuwa amesema kwamba macho ya Bibi yanahitaji upasuaji, na kwamba usicheleweshwe. Nyumbani hapakuwa na kitu kingine cha kuuza. Mjomba Khosro, mtoto wa kwanza wa Bibi, alikuwa na shauri lake.

"Mama, tulipake jeupe kwanza," alisema huku akinywa chai. "Siku hizi watu wanataka magari meupe, hayakai sokoni. Hiki kijani nani atakinunua? Muuza mboga?"

"Baba yako alilichagua la kijani, na litatoka hapa la kijani. Isitoshe, wewe shati jeupe tu halifiki jioni bila kumwagiwa chai."

Mjomba alilitazama shati lake, akaweka kikombe chini. Siku ya pili aliweka tangazo lenye picha, bila matumaini yoyote. Lakini jioni ileile simu ikalia. Bwana Daneshvar, mkusanyaji wa magari ya zamani kutoka mji wa Isfahan, alikuwa na swali moja tu: gari hilo limewahi kupakwa rangi nyingine?

"Hata tone," alijibu Bibi. Bwana Daneshvar akaahidi kuja Alhamisi.

Jumanne Parastu alirudi kutoka shule akaingia uani juu ya baiskeli, jambo alilokatazwa mara nyingi. Vigae vilikuwa vimeloa maji. Gurudumu likateleza, usukani ukaukwaruza mlango wa gari, na kidevu cha Parastu kikachubuka ukutani.

"Nini hicho?" aliuliza Bibi, aliyekuwa kizingitini akichambua mboga.

"Baiskeli imeanguka tu, Bibi."

"Umeumia?"

"Hapana."

Parastu aliinuka akautazama mlango. Palikuwa na mkwaruzo mweupe, mwembamba, wa urefu wa kidole. Alikumbuka kwamba binamu yake alisahau chumbani kichupa cha rangi ya kucha, tena ya kijani. Akakichukua, akapaka mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka mkwaruzo ukapotea. Ukisimama mbali, hukuona kitu. Na Bibi hataona kabisa, alijiambia. Wazo hilo lilimuuma kuliko kidevu.

Alhamisi Bwana Daneshvar alifika, mtu mnene mwenye sauti ya upole na mkoba mdogo wa ngozi. Alikaribishwa chai na visheti vya lozi, na Bibi akasema kama inavyompasa mwenyeji mstaarabu: "Gari lenyewe si kitu mbele yako. Lichukue tu bure."

"Mungu akuzidishie, Bi Tuba," alijibu mgeni, naye akijua vema kwamba hapewi bure. "Niruhusu nilitazame kwanza."

Alilizunguka gari polepole, na kila hatua uso wake ulizidi kukunjuka.

"Mnajua kwa nini nimetoka Isfahan?" alisema. "Gari jipya likiwa jeupe huuzika upesi. Kwa hiyo watu walidhani hata la zamani ni vivyo hivyo, wakayapaka mengi. Sasa yaliyobaki na rangi yake ya kiwandani ni machache, na ya kijani hiki ndiyo machache zaidi. Hiyo ndiyo thamani yake. Mngelipaka jeupe, ningelipita barabarani bila kugeuka."

Bibi aligeuza uso upande wa Mjomba Khosro, na Mjomba akakohoa.

Bwana Daneshvar akatoa mkobani kipimo cha unene wa rangi, kidude cha kukaa kiganjani, akaanza kukigandamiza kwenye bodi. Kila mahali kilionyesha namba ndogo. Kwenye mlango wa kushoto namba ikaruka. Akapima tena. Ikaruka vilevile. Tabasamu lake likatoweka.

"Bi Tuba, mlango huu umepakwa."

"Haujapakwa."

"Pana rangi juu ya rangi. Na mlango uliopakwa, mara nyingi ni mlango uliogongwa. Huenda mzee alifanya hivyo bila kukwambia."

"Mume wangu hakunificha kitu maisha yake yote," alisema Bibi. "Aje aanze na mlango?"

"Ndiyo maana nilisema tulipake lote," Mjomba Khosro akadakia. "Isingejulikana mlango upi."

"Nyamaza, Khosro."

Bwana Daneshvar alianza kufunga mkoba wake, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake. Bibi alinyoosha mkono akaupapasa mlango kutoka juu hadi chini, akitafuta kwa vidole kitu ambacho macho yake hayakuweza kumwambia. Parastu alivifuata vidole hivyo kwa macho. Hakuweza tena kuvumilia.

"Ni mimi," alisema. "Bibi hasemi uongo. Niliukwaruza mlango kwa baiskeli, nikapaka rangi ya kucha. Nilijua haoni."

Bwana Daneshvar akageuka.

"Rangi ya nini?"

"Ya kucha."

Aliinama, akanusa mlango kama anayenusa tikiti sokoni, kisha akacheka kwa mshangao. Mjomba Khosro tayari alikuwa anakimbilia ndani kutafuta dawa ya kutolea rangi ya kucha.

"Acha, acha," Bwana Daneshvar alimzuia. "Dawa hiyo itaila na rangi yangu."

"Yako?" Bibi akauliza. "Mbona hujalipa?"

Waliletewa maji ya vuguvugu yenye sabuni. Bwana Daneshvar akambandua Parastu hofu kwa maneno machache: "Njoo, binti. Uliyeweka ndiye utakayetoa." Kwa kuwa kila Mwaka Mpya Bibi alilisugua gari nta, rangi ya kucha haikuwa imeshika. Parastu aliingiza ukucha pembeni, akavuta, ikatoka yote kama ganda la kitunguu. Chini yake ukabaki mkwaruzo ule mwembamba, na kijani cha kiwandani pande zote. Kipimo kikawekwa tena. Namba ndogo.

Parastu akashusha pumzi iliyomkaa kifuani tangu Jumanne, akakaa chini palepale kwenye vigae.

"Na mkwaruzo?" aliuliza.

"Mkwaruzo nitauacha ulivyo. Hauninyimi usingizi," alisema Bwana Daneshvar. "Kilichofunikwa ndicho kinachonifanya niogope."

Gari likanunuliwa kwa bei aliyokuja nayo, nayo ikatosha upasuaji. Bibi alicheka hadi akafuta machozi kwa ukingo wa baibui lake. Kisha akaifungia baiskeli stoo, na hakuna aliyethubutu kumwombea Parastu msamaha.

Mwezi uliofuata daktari alimfungua Bibi bandeji. Bibi alitazama dirisha, akatazama viatu vya daktari, akamtazama Mjomba Khosro akasema, "Chai tena, shati hilo." Halafu akamvuta Parastu karibu.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Kukosea hukukosea peke yako duniani. Ila ulipoficha, ulikaribia kunifanya mimi mwongo mbele ya mgeni, na marehemu babu yako pia. Uliposema kweli, ulituokoa wote. Ukikosea tena, na utakosea, njoo uniambie siku hiyohiyo."

"Nitakuambia, Bibi."

Bibi alimshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye mwanga. Akaona alama ndogo kidevuni, ngozi mpya ya rangi ya waridi.

"Hii nayo ya lini?"

"Ya siku ileile," Parastu akasema taratibu. "Uliniuliza kama nimeumia, nikasema hapana."

Bibi aliipapasa alama kwa kidole gumba, safari hii akiitazama.

"Haya," alisema. "Hii nayo usiipake kitu."